Utumbo wa Kondoo, Mti wa Mlimani

Kanda ile nilipewa na mpiga fidla mgeni aliyekaa nasi Unguja majuma matatu, akija mazoezini kila jioni na kupiga taarabu kama aliyezaliwa nayo. Siku ya kuondoka alinitia mkononi kaseti isiyo na jalada, akaniambia, "Hii ni selo peke yake." Sikumwelewa. Kwetu selo haipigwi peke yake. Katika kikundi hukaa nyuma ya fidla, jirani na besi. Hudonolewa kwa vidole ili kushika mwendo, na upinde ukiingia, huwa ni kutia uzito chini ya wimbo wa waimbaji. Nilikuwa nimeipiga miaka kumi na miwili, na haikunipitia akilini kwamba ingeweza kukaa jukwaani bila mwenzake.

Usiku ule nikaisikiliza. Ilikuwa muziki wa Johann Sebastian Bach, ukipigwa na Mholanzi Anner Bylsma katika rekodi yake ya mwaka 1979. Dakika ya kwanza haikwisha nikaizima redio nikaitoa kanda kuikagua. Kila sauti ilianza kwa mkwaruzo mdogo, kama mzee anayekohoa kidogo kabla ya kusema neno. Unyevu wa masika huharibu kanda nyingi hapa visiwani, nikaona na hii imekwisha. Kesho yake nikampelekea mzee aliyenifunza selo. Akasikiliza kipande kimoja hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Mwanangu, kanda nzima hii," akasema. "Unachokisikia ni utumbo."

Akanihadithia kwamba ujanani mwake ala ya kanuni ilifungwa nyuzi za utumbo, kabla ya nailoni kuingia, na kwamba mpigaji alikuwa hana amani mvua ikikaribia. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye nyuzi za chuma. Utumbo niliujua kwenye supu. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari za nyuzi hizo kwa kusoma, kwa kuuliza, na baadaye kwa kuzifunga mwenyewe. Nimefikia imani moja ambayo ndiyo sababu ya makala hii: selo ilianza kusema peke yake kwa sababu ya wasokota nyuzi. Watunzi walikuja nyuma yao, wakaikuta sauti iko tayari.

Uzi wa utumbo hutengenezwa hivi. Kondoo akichinjwa, utumbo wake mwembamba hutolewa ungali na joto, ukasafishwa mara moja kabla haujaoza. Hulowekwa siku kadhaa katika maji ya majivu makali, ya jamii moja na magadi yetu, huku ukikwanguliwa mpaka mafuta na nyama vyote vitoke na ibaki ngozi nyeupe laini. Ngozi kadhaa huunganishwa, zikasokotwa pamoja zikiwa mbichi, zikavutwa kwenye fremu, zikakauka, kisha zikasuguliwa hadi uzi uwe sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya harufu mbaya na mikono iliyochubuka. Nchini Italia kulikuwa na miji na vijiji vilivyoishi kwa kazi hiyo. Roma na Napoli zilisifika, na kijiji cha Salle katika milima ya Abruzzo kilitoa familia za mafundi wa nyuzi kizazi baada ya kizazi.

Uzi huo ulifaa sana kwa fidla, ambayo sauti zake ni za juu. Taabu ilikuwa chini. Anayetaka sauti nzito kutoka kwenye utumbo mtupu ana njia mbili: aurefushe uzi au aunenepeshe. Uzi mnene ni mvivu. Unaupiga kwa upinde nao unachelewa kuitika, na ukiitika sauti ni butu. Mafundi walijaribu kuusokota kama kamba ya jahazi ili uwe mlegevu zaidi, na hata hivyo ilibidi ala yenyewe iwe kubwa. Ndiyo maana fidla za besi alizotengeneza Andrea Amati mjini Cremona katika karne ya 16 zilikuwa majitu. Moja iliyopambwa kwa nembo za mfalme Charles wa 9 wa Ufaransa bado ipo, lakini si kwa umbo lake la kwanza, kwani baadaye ilikatwa ikapunguzwa. Ala ya ukubwa ule mkono wa kushoto hauwezi kuikimbilia. Kazi yake ilikuwa kushika sauti ya chini, tena polepole, na mbele yake waimbaji na fidla wakiendelea na maneno yao. Nilipoyasoma hayo nilijiona mwenyewe kwenye kiti changu cha nyuma.

Karibu na mwaka 1660 mtu fulani alichukua uzi wa utumbo akauzungushia waya mwembamba, ukilala mduara kwa mduara bila nafasi katikati. Jina lake halikuandikwa popote. Wanahistoria wengi wa ala hizi huelekeza kidole Bologna, mji wa kaskazini ya Italia uliokuwa na wasokota nyuzi wake, na habari zilienda upesi: mwaka 1664 mchapishaji wa muziki John Playford alikuwa tayari akizitangaza nyuzi hizo London. Waya uliongeza uzito bila kuongeza unene. Sasa sauti ya chini ingeweza kutoka kwenye uzi mfupi, mwepesi, unaoitika mara unapoguswa, na kwa hiyo hata mwili wa ala ungeweza kupungua.

Jina la ala linaisimulia habari yote, na sisi Waswahili tunaweza kulisikia kuliko Wazungu wengi, kwa sababu lugha yetu nayo hukuza na kudogosha. Kwa Kitaliano viola ikikuzwa huwa violone, na violone ikidogoshwa huwa violoncello. Ni nyoka, joka, kijoka. Ndani ya neno kijoka joka bado lipo, na ndani ya selo lile jitu la Amati bado linasikika. Neno violoncello lilionekana katika muziki uliochapishwa mwaka 1665, kwenye sonata za Giulio Cesare Arresti, mpiga kinanda wa Bologna. Kwa hiyo miaka ya uzi wa waya na miaka ya jina jipya ni ile ile, na mji ni ule ule.

Kinachofuata kilitokea ndani ya jengo moja. Basilika ya San Petronio ilianza kujengwa mwaka 1390. Urefu wake ni karibu mita 132, na dari lake liko juu sana hata sauti ikitoka huchukua muda kabla ya kurudi na kunyamaza. Humo palikuwa na kikundi cha muziki kilicholipwa mshahara. Humo pia mwaka 1655 mwanaastronomia Giovanni Domenico Cassini aliitia sakafu mstari wa zaidi ya mita 66, na darini pana tundu dogo. Kila adhuhuri jua likipita juu ya mji, duara la mwanga hushuka na kuukata mstari ule, mahali panapohama siku hadi siku. Upo mpaka leo. Mimi huona vizuri kwamba selo ilijifunza kusema mahali ambapo jua lilikuwa likiingia kila mchana kuhesabiwa.

Mwaka 1680 kiti cha selo katika kikundi hicho kilishikwa na Domenico Gabrielli, mzaliwa wa mji, mtoto wa miaka ya 1650. Wenyeji walimwita Minghino wa selo, na mtu hapewi jina la ala yake na watu wa mji wake mpaka wamemsikia sana. Alitunga opera pia, zikachezwa Venice na kwingineko, na safari hizo zilimgombanisha na mabwana wa kanisa. Mwaka 1687 alifukuzwa kwa kutokuwepo kazini, na mwaka uliofuata akarudishwa. Hapohapo alikuwa akipiga katika ukumbi wa Duke Francesco wa 2 wa ukoo wa Este, mjini Modena. Huko ndiko iliko hati ya mkono yenye tarehe 15 Januari 1689, ndani yake mna ricercar saba za selo bila msindikizaji. Miaka miwili kabla yake, Giovanni Battista Degli Antonii, naye wa Bologna, alikuwa amechapisha ricercata zake kumi na mbili. Gabrielli alifariki Julai 1690, mwaka mmoja na nusu baada ya tarehe iliyo juu ya karatasi zile.

Neno ricercar maana yake ni kutafuta. Zamani mpiga ala alipokuwa akilinganisha nyuzi na kupasha vidole moto alipiga vijisauti vya kutafuta njia, na jina likatoka hapo. Sisi tunao udi unaofanya vivyo hivyo: mpigaji hutangulia peke yake, akazunguka, akaonja sauti, kabla ya kundi kuingia. Nilipoipiga ricercar ya kwanza ya Gabrielli nilishangaa jinsi inavyofanana na mazoea hayo. Selo inapanda ngazi moja, inasimama, inasikiliza, inashuka kwa njia nyingine. Uzi wa juu Gabrielli aliulegeza kutoka La hadi Sol, kama ilivyokuwa desturi ya Bologna, kwa hiyo nyuzi mbili za juu ziko karibu zaidi na mwili mzima wa ala hutetema pamoja. Ukimaliza sauti ya mwisho, nyuzi ambazo hukuzigusa huendelea kunong'ona. Ndani ya San Petronio minong'ono hiyo lazima ilidumu sana.

Miaka thelathini na kitu baadaye desturi ya kuipiga selo peke yake ilikuwa imevuka milima ya Alps. Bach alikuwa mkuu wa muziki wa mtawala wa Köthen kuanzia 1717 hadi 1723, na zile suite sita za selo peke yake, yaani mifululizo ya vipande vya dansi, huhesabiwa kuwa za miaka hiyo. Karatasi alizoandika kwa mkono wake zimepotea. Tunazijua kwa nakala ya mkewe wa pili, Anna Magdalena, na ya mpiga kinanda Johann Peter Kellner ya mwaka 1726. Katika suite ya tano, uzi wa juu unalegezwa kutoka La hadi Sol. Ni ile ile desturi ya Bologna. Ndani ya suite hiyo kuna sarabande, mojawapo ya dansi hizo, ambayo haina hata pahali pamoja panapopigwa nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Ni sauti moja inayotembea gizani, na kaseti ilipotoka kwa mzee, ndiyo iliyonizuia nisilale.

Wapo wanaotafuta maumbile katika muziki wa enzi hiyo ya Baroko kwa kusikiliza wanyama, na watawapata. Carlo Farina mwaka 1627 aliitumia fidla kuigiza paka na mbwa. Heinrich Biber aliandika sonata yenye ndege aimbaye usiku, chura, kuku na kware. Antonio Vivaldi, katika muziki wake wa majira manne uliochapishwa Amsterdam mwaka 1725, aliipa viola kazi ya kubweka wakati mchungaji amelala. Hayo yote napenda kuyasikia. Ila Gabrielli na Bach hawakumwigiza mnyama yeyote katika selo, na bado ninapowasikiliza kwenye utumbo nahisi niko nje ya nyumba. Utumbo ni kitu kilichokuwa hai, na haujasahau. Huvuta unyevu ukavimba, hupata ukame ukasinyaa. Wajerumani walitengeneza vijumba vya kutabiri mvua, mna mwanamume na mwanamke wa mbao, na kilichokuwa kikiwazungusha watoke au waingie ni kipande cha utumbo uliosokotwa. Uzi wa selo ni kipande hicho hicho. Mpigaji wa karne ya 17 aliianza kila siku kwa kuuliza hewa imekuwaje.

Na mbao ni hivyo hivyo. Uso wa selo huchongwa kwa msonobari wa aina ya sprusi unaoota juu milimani, ambako baridi huufanya ukue polepole na pete zake zikabanana. Katika bonde la Fiemme kaskazini ya Italia kuna msitu wa Paneveggio ambao hadi leo mafundi wa fidla na selo huenda kuchagua miti. Nusu ya pili ya karne ya 17 na mwanzo wa iliyofuata ilikuwa miaka ya baridi kali Ulaya, na wapo wataalamu wanaosema kwamba pete nyembamba za miti ya wakati huo zina sehemu katika sauti ya ala za Antonio Stradivari. Ubishi wao haujaisha. Kisichobishaniwa ni kwamba Stradivari huyohuyo, baada ya kutengeneza selo kubwa kwa miaka mingi, kuanzia karibu na 1707 aliutuliza mwili wa ala kwenye urefu wa kama sentimita 75 na nusu, kipimo ambacho mafundi wanakifuata mpaka sasa. Nyuzi zenye waya zilikuwa zimempa ruhusa. Mwisho wa Oktoba 2018 tufani iliyoitwa Vaia ilipita kaskazini mashariki ya Italia ikalaza mamilioni ya miti, na sehemu ya msitu ule ikalala nayo. Niliona picha za magogo yamelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nikakumbuka kwamba mti wa kufaa selo huhitaji karne moja na zaidi, na kwamba watakaoichonga miche inayopandwa sasa hawajazaliwa.

Desturi ya kuipiga selo peke yake iliwahi kukaribia kuzimika. Suite za Bach zilichapishwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1824, watu wakazichukua kama mazoezi ya vidole. Mwaka 1890 kijana wa miaka kumi na mitatu, Pablo Casals, alikuwa na baba yake Barcelona wakipekua muziki wa mitumba katika duka moja karibu na bandari, akazikuta. Alizifanyia mazoezi miaka kama kumi na miwili kabla hajathubutu kuzipiga mbele ya watu, na kati ya 1936 na 1939 akazirekodi zote sita. Kwa rekodi hizo dunia ilijua kwamba selo ina mengi ya kusema ikiwa peke yake.

Lakini ala yenyewe ilikuwa inabadilika. Zamani ilibanwa kati ya miguu. Katika karne ya 19 ikawekewa mguu wa kuisimamisha sakafuni, jambo ambalo Mbelgiji Adrien-François Servais alilieneza. Katika karne ya 20 nyuzi za chuma zikachukua nafasi ya utumbo. Zina nguvu, hazijali mvua, zinafika nyuma ya ukumbi mkubwa. Sizilaumu, zimenilisha. Ila mkwaruzo uliondoka, na pamoja nao ile hali ya kila sauti kuzaliwa upya mbele ya msikilizaji.

Ndipo walipotokea waliotaka kurudi nyuma kuangalia. Nikolaus Harnoncourt, mpiga selo wa Vienna, alianzisha mwaka 1953 kikundi cha kupiga muziki wa kale kwa ala za kale, na miaka ya 1960 akazirekodi suite kwa selo ya aina hiyo. Bylsma alikuwa mpiga selo wa kwanza katika okestra ya Concertgebouw, Amsterdam, kuanzia 1962 hadi 1968, kisha akaiacha nafasi ambayo wengi wangeililia. Rekodi yake ya 1979 aliifanya kwa selo iliyotengenezwa na Matteo Goffriller wa Venice mwaka 1699, ikiwa imefungwa utumbo. Hairefushi sauti kama anayetaka kusifiwa. Anasema, anapumua, anasema tena, na mkwaruzo ule ni herufi za mwanzo wa maneno yake. Nilichokidhania ubovu wa kanda ndicho alichoacha cheo ili akipate.

Miaka sita iliyopita rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya aliniletea nyuzi mbili za utumbo, La na Re. Nilizifunga mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, na kwa juma zima nilikuwa mtu mwenye furaha. Selo yangu, ambayo miaka yote ilikuwa ikiimba kwa sauti ya shaba, ilianza kusema kwa sauti ya mtu. Masika ilipoingia, uzi wa La haukukaa. Nilikuwa nikiulinganisha, napiga sentensi mbili, umeshahama. Jioni moja kabla ya mazoezi nilikuwa nimeketi barazani nazungusha kigingi, hasira imenipanda, na mpiga ngoma wetu alikuwa pembeni amewasha makaratasi, anaikanza ngoma yake moto ili ngozi ikaze. Anafanya hivyo kila jioni ya mvua tangu nimjue, bila haraka wala manung'uniko. Akishaipasha huigonga kwa kidole, husikiliza, huisogeza tena kwenye moto.

Nikaacha kuugombeza uzi. Nilimtazama mpaka akamaliza, nami nikaanza upya: kulinganisha, kusikiliza, kulinganisha. Nyuzi za chuma nimezirudisha kwa kazi ya kikundi, kwa sababu harusi haingoji uzi utulie. Lakini nina selo ya pili, nzee, ambayo imebaki na utumbo, na kila asubuhi kabla ya chai huipiga ricercar ya kwanza ya Gabrielli. Kwanza hugusa uzi mtupu niusikie umeamkaje. Ukiwa umeshuka, najua usiku ulikuwa mwingine na ule wa jana. Kisha nautafutia mahali pake, na huko kutafuta, kama Wabologna walivyolipa jina, tayari ni mwanzo wa muziki.